Kwa Nini Mtu Mmoja kwa Kila Kabila? Makabila ya Israeli na Viongozi Waliosimama kwa Niaba Yao

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu. Tunasoma kitabu cha Hesabu na tumekwama. Kila mara Mungu anaagiza atolewe mtu mmoja kutoka kila kabila: kwenye kuhesabu watu, kwenye sadaka, kwenye upelelezi. Ndugu mmoja amesema huo ni ushahidi kwamba hata kanisani nafasi zigawanywe kikabila, kila kabila liwe na mtu wake kwenye kamati. Mama mmoja akamjibu kwamba mbele za Mungu makabila si kitu, tuyaache huko duniani. Tulikaribia kugombana. Halafu kijana mmoja akauliza mbona kabila la Dani halimo katika Ufunuo 7. Tusaidie.

JIBU: Amina, ndugu katibu. Nimefurahi kwamba hamkuzipita sura hizo za majina na hesabu kama wengi wanavyozipita, maana ndani yake mna fundisho zito kuhusu uongozi. Huyo ndugu na huyo mama, kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Mungu wa Israeli aliyatambua makabila, akayataja kwa majina, wala hakutaka hata moja likosekane. Ila mtu aliyesimama kwa niaba ya kabila lake hakupelekwa akalitafutie fungu. Alipelekwa ili kabila lake lihesabiwe miongoni mwa watu wa Mungu, lichukue mzigo wake na liwajibike. Mkilishika hilo, mengine yote mliyoniuliza yatafunguka.

Kwanza tuwatambue watu wenyewe. Makabila ya Israeli ni nyumba za ndugu wa baba mmoja, Yakobo, waliozaliwa na mama wanne. Lea alizaa Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, Isakari na Zabuloni. Raheli alizaa Yusufu na Benyamini. Bilha, mjakazi wa Raheli, alizaa Dani na Naftali, na Zilpa, mjakazi wa Lea, alizaa Gadi na Asheri. Walikuwa na lugha moja, agano moja na madhabahu moja. Kwa hiyo anayechukua kabila la Yuda akalilinganisha moja kwa moja na kabila lake la hapa kwetu ameshakosea kabla hajaanza. Hata hivyo, tusidhani kwamba kila aliyekuwamo alikuwa wa damu ya Yakobo tupu. Kutoka 12:38 inasema kundi kubwa la watu mchanganyiko lilipanda pamoja nao kutoka Misri. Kalebu, aliyeiwakilisha Yuda katika upelelezi, anaitwa Mkenizi, na Kenazi anatajwa katika Mwanzo 36 miongoni mwa wazao wa Esau. Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabi wote wawili waliingia katika nyumba ya Yuda, na Mathayo anawataja katika ukoo wa Bwana wetu. Mlango wa kabila ulikuwa wazi kwa aliyemkimbilia Mungu wa Israeli.

Mtagundua pia kwamba ukihesabu vizuri unapata makabila 13, kwa kuwa katika Mwanzo 48 Yakobo aliwachukua wana wawili wa Yusufu, Efraimu na Manase, wakawa kama wanawe mwenyewe. Lakini Biblia inashikilia 12. Walawi wanapotengwa kwa huduma ya hema, Yusufu anahesabiwa mara mbili. Lawi akirudishwa kwenye orodha, Yusufu anakuwa mmoja. Orodha zinabadilika, hesabu haibadiliki, kwa sababu 12 ndiyo Israeli nzima. Pakipungua mmoja, hapo si Israeli yote iliyosimama.

Sasa tuingie katika Hesabu 1. Ni mwezi wa pili wa mwaka wa pili tangu watoke Misri, wako jangwani Sinai. Mungu anamwambia Musa na Haruni wahesabu wanaume wa miaka 20 na zaidi wawezao kwenda vitani, na anaagiza wawe na mtu mmoja wa kila kabila, kichwa cha nyumba ya baba zake. Halafu anawataja mwenyewe: Elisuri wa Reubeni, Nashoni wa Yuda, Elishama wa Efraimu, Gamalieli wa Manase, na wenzao. Jumla ya waliohesabiwa ikawa 603,550. Walawi hawakuingizwa katika hesabu hiyo. Walichukuliwa badala ya wazaliwa wa kwanza wa Israeli yote, kwa hiyo nao ni wawakilishi kwa namna yao. Katika Hesabu 8 wana wa Israeli wanaweka mikono juu ya Walawi, kama mtu anavyoweka mkono juu ya kichwa cha sadaka yake.

Tazameni tofauti za idadi. Yuda walikuwa 74,600. Manase walikuwa 32,200, chini ya nusu ya Yuda. Shikeni tarakimu hizo mbili, kisha mwende Hesabu 7.

Sura hiyo ina aya 89, na wengi huikimbia. Hema ya kukutania imesimamishwa na kutiwa mafuta, na wakuu 12 wanaleta sadaka ya kuizindua madhabahu, kila mmoja siku yake, siku 12 mfululizo. Siku ya kwanza ni Nashoni mwana wa Aminadabu wa kabila la Yuda. Analeta sahani ya fedha ya shekeli 130 (shekeli ni kipimo cha uzito) na bakuli la fedha la shekeli 70, vyote vimejaa unga mzuri uliochanganywa na mafuta. Kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa uvumba. Kisha ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa idadi iliyotajwa. Siku ya pili Nethaneli wa Isakari analeta vilevile. Siku ya nane anakuja Gamalieli wa Manase, mkuu wa kabila dogo kuliko yote katika hesabu ile, na sahani yake ni ya shekeli 130, bakuli lake shekeli 70, kijiko chake shekeli 10. Hakuna kilichopungua wala kilichoongezeka. Mwishoni jumla inatolewa: fedha shekeli 2,400, vijiko vya dhahabu shekeli 120.

Mwandishi angeweza kusema "na wengine wakaleta kama hivyo" akaokoa nafasi. Hakufanya hivyo. Alirudia kila sahani na kila mbuzi mara 12, na mimi naamini alifanya hivyo kwa makusudi. Aliyeleta siku ya 12, Ahira wa Naftali, mzao wa mjakazi, ameandikwa kwa urefu uleule aliopewa Nashoni, ambaye ni shemeji yake Haruni na mmoja wa mababu wa mfalme Daudi. Mbele ya madhabahu kabila kubwa halikupewa nafasi ya kujionyesha, na kabila dogo halikupewa ruhusa ya kuchangia kidogo kwa kisingizio cha udogo wake. Ndugu aliyesema kila kabila liwe na mtu wake aisome sura hii taratibu. Atawaona wakuu 12 wamesimama, na wote 12 wana kitu mkononi cha kutoa. Hakuna aliyefika kuuliza kabila lake limewekewa nini.

Je, Mungu hakujali basi kwamba Yuda ni wengi na wana midomo mingi ya kulisha? Alijali sana, na hapo ndipo hekima ya mpango huu inapopendeza. Ilipofika zamu ya ardhi, Hesabu 26:54 inaagiza walio wengi wapewe urithi mkubwa na walio wachache wapewe mdogo. Kwa hiyo mlikuwa na vipimo viwili. Katika ibada kila kabila ni moja, sawa na mwenzake. Katika mahitaji ya kuishi, idadi ya watu inatazamwa. Na bado mahali pa urithi paliamuliwa kwa kura, ili mkubwa asichague bonde lenye rutuba akamwachia mdogo mawe.

Ugawaji huo haukuachiwa mtu mmoja. Hesabu 34 inataja mkuu mmoja wa kila kabila lililokuwa likipokea urithi upande wa magharibi wa Yordani, wakifanya kazi pamoja na kuhani Eleazari na Yoshua. Yoshua mwenyewe alikuwa Mwefraimu. Kwa orodha ya 1 Nyakati 7, yule Elishama wa Hesabu 1 alikuwa babu yake. Watu wa kwao walilijua hilo vizuri. Katika Yoshua 17 wana wa Yusufu wanamwendea na kulalamika kwamba wao ni wengi na wamepewa kura moja tu. Bila shaka walitazamia kwamba mtoto wa nyumbani hatawaangusha. Yoshua akawajibu kwamba kama ni wengi hivyo, wapande msituni wakajifyekee. Walipoongeza kwamba Wakanaani wa bondeni wana magari ya chuma, hakubadili neno. Kisha nendeni Yoshua 19:49-50 mwone yeye mwenyewe alipata urithi wake lini: baada ya makabila yote kumaliza kugawiwa, ndipo wana wa Israeli wakampa mji wa Timnath-sera katika nchi ya milima ya Efraimu. Alijenga mji ule akakaa humo. Kiongozi aliyegawa nchi nzima alipokea wa mwisho. Ningependa kila mwenyekiti wa kamati aijue aya hiyo.

Kuna mahali pengine ambapo makabila yote yalisimama mbele za Mungu juu ya mwili wa mtu mmoja. Kutoka 28 inaeleza mavazi ya kuhani mkuu. Mabegani aliweka mawe mawili ya shohamu, aina ya kito cha thamani, kila moja limechorwa majina sita. Kifuani alivaa kifuko chenye mawe 12, kila jiwe na jina lake. Aya ya 29 inasema Haruni atayachukua majina ya wana wa Israeli juu ya moyo wake aingiapo mahali patakatifu. Reubeni, aliyemvunjia baba yake heshima na kupoteza haki ya mzaliwa wa kwanza, jina lake limo. Simeoni na Lawi, ambao baba yao aliilaani hasira yao alipokuwa anakufa, wamo. Kuhani hakuchagua jiwe la kuvaa na jiwe la kuacha nyumbani. Akiingia, wote wanaingia.

Hapa tunafika kwenye upande mgumu wa uwakilishi. Sisi tunaufahamu kupitia mshenga: akienda kuposa akakosa adabu ukweni, hakuna atakayesema mshenga amekosa, watasema ukoo ule umekosa. Ndivyo Walawi 4 inavyopanga sadaka za dhambi. Kuhani aliyetiwa mafuta akikosa, analiletea hatia taifa zima, na sadaka yake ni ng'ombe dume, sawa na sadaka ya mkutano wote. Mkutano wote ukikosa, wazee ndio wanaoweka mikono juu ya kichwa cha ng'ombe kwa niaba ya wote. Mkuu akikosa analeta mbuzi dume, na mtu wa kawaida analeta mbuzi jike au mwana-kondoo jike. Cheo kinavyopanda ndivyo gharama ya kosa inavyopanda.

Wapelelezi wa Hesabu 13 wanatuonyesha hilo kwa uchungu. Walikuwa 12, mmoja kwa kila kabila, wote wakuu, ingawa si wale wa sura ya kwanza. Wakazunguka Kanaani siku 40. Kumi wakarudi na habari mbaya, wakasema wamewaona Wanefili, majitu wana wa Anaki, na wao wenyewe walijiona kama mapanzi. Kalebu wa Yuda na Yoshua wa Efraimu wakasema nchi ni njema mno na Bwana ataweza kuwaingiza. Mkutano ukalia usiku kucha, ukataka kuwapiga mawe wale wawili na kumchagua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Hukumu ikawa miaka 40 jangwani, mwaka kwa kila siku ya upelelezi.

Hapa naomba jumuiya yenu itulie kidogo. Yuda walikuwa na mwakilishi mwema kuliko wote. Kalebu alisema kweli, alirarua mavazi yake, alihatarisha maisha yake. Je, kabila la Yuda liliokoka kwa sababu mtu wao alikuwa upande wa kweli? Hapana. Wanaume wa Yuda waliohesabiwa walikufa jangwani sawasawa na wa Dani na wa Gadi, kwa kuwa hawakumsikiliza. Kumweka mtu wenu kwenye meza hakuwasaidii kitu kama hamko tayari kumfuata anapowaambia msiyotaka kuyasikia. Na Kalebu naye, baada ya miaka yote ile, alipofikisha miaka 85 alikwenda kwa Yoshua kuomba urithi, akaomba nchi ya milima ya Hebroni, palepale walipokaa wale Waanaki waliowatisha wenzake.

Uwakilishi haukuwaziba watu mdomo pia. Binti watano wa Selofehadi wa kabila la Manase, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walikwenda wenyewe hadi mlango wa hema, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana wa kiume. Mungu akasema wanena haki, na sheria ikawekwa. Baadaye wakuu wa ukoo wao walikuja na hofu yao kwamba ardhi ingehamia kabila lingine binti hao wakiolewa nje, nao pia wakasikilizwa.

Mkitaka kuona wawakilishi wakiokoa taifa, someni Yoshua 22. Reubeni, Gadi na nusu ya Manase wamemaliza vita na wanarudi kwao ng'ambo ya mashariki. Wakafika Yordani wakajenga madhabahu kubwa. Habari ikafika Shilo kwamba wenzao wamejitenga na Mungu, na Israeli wakakusanyika kwenda kuwapiga. Kabla ya upanga wakatuma ujumbe: Finehasi mwana wa kuhani Eleazari pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila nyumba ya baba za makabila ya Israeli. Walisema kwa ukali, wakakumbusha dhambi ya Peori, Israeli walipomwabudu Baali, na ya Akani, aliyeiba vitu vilivyowekwa wakfu, na wakatoa neno la ajabu: kama nchi yenu ni najisi, vukeni mje mkae kwetu. Walikuwa tayari kupunguza urithi wao ili ndugu zao wasipotee. Wale wa mashariki wakaeleza kwamba madhabahu ile si ya sadaka, ni shahidi, kwa sababu waliogopa siku moja watoto wa magharibi wangewaambia watoto wao kwamba ninyi hamna sehemu katika Bwana. Finehasi na wakuu wakaridhika, wakarudi wakatoa taarifa, na vita ikaisha kabla haijaanza. Wajumbe walikwenda, wakauliza, wakasikiliza, wakarudi na maneno waliyoyasikia, pasipo kuongeza chumvi. Ujumbe wa namna hiyo ni adimu hata leo.

Waamuzi 20 ni kinyume chake, na ni sura ya kutisha. Watu wa Gibea, mji wa Benyamini, wamemtendea suria wa Mlawi unyama hadi akafa. Makabila mengine yanatuma watu katika Benyamini yote: watoeni wahalifu hao. Benyamini wakakataa. Hawakusema wahalifu hawana hatia; waliona tu kwamba wahalifu hao ni wao, wakashika silaha kuwatetea. Ndugu katibu, ukabila katika sura yake mbaya kabisa ni huo: kumlinda mwovu kwa sababu ni wa kwetu. Walibaki wanaume 600 tu wamejificha kwenye mwamba wa Rimoni. Kisha waliowashinda wakaketi Betheli wakalia, wakimwuliza Mungu imekuwaje leo kabila moja lipungue katika Israeli. Njia walizotumia baadaye kuwapatia wale 600 wake ni mbaya, wala siwatetei. Lakini kilio chenyewe ni cha kweli. Mshindi analia kwa sababu aliyeshindwa ni kiungo chake. Na kutoka mabaki yale alikuja Sauli, mfalme wa kwanza, na karne nyingi baadaye Paulo, ambaye anasema katika Warumi 11 kwamba yeye ni wa kabila la Benyamini.

Wafalme walipoingia, mizani ya zamani ilianza kuyumba. Sauli, akimwogopa Daudi, anawauliza watumishi wake Wabenyamini katika 1 Samweli 22:7 kama mwana wa Yese atawapa mashamba na mizabibu na kuwafanya maakida. Maana yake: mimi ni wenu, mkono wangu ndio unaowalisha. Daudi alipata ufalme wa Israeli yote kwa njia nyingine. Wazee wa Israeli walimwendea Hebroni naye akafanya agano nao mbele za Bwana. Sulemani akaigawa nchi katika wilaya 12, kila moja ilishe nyumba ya mfalme mwezi mmoja kwa mwaka, na mipaka yake haikufuata makabila sawasawa. Hesabu ni ileile 12, lakini sasa inahudumia jikoni kwa mfalme. Akaongeza shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Rehoboamu mwanawe alipokwenda Shekemu, Israeli yote walimwomba kitu kimoja, awapunguzie kongwa la baba yake. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu hao siku hiyo nao watakuwa watumishi wake daima. Akafuata ushauri wa vijana aliokua nao. Jibu la watu lilikuwa kwamba wao hawana sehemu katika Daudi, kila mtu hemani kwake. Na Adoramu, msimamizi wa shokoa aliyetumwa kwao, akapigwa mawe akafa. Hiyo ni karibu mwaka 930 KK, na makabila kumi hayakurudi tena chini ya nyumba ya Daudi. Mwaka 722 KK Samaria, mji mkuu wao, ikaanguka mikononi mwa Ashuru, watu wakahamishwa.

Lakini tazameni jinsi waaminifu walivyokataa kuiacha 12. Eliya, akiwa Karmeli katika ufalme wa kaskazini uliokwisha kujitenga, alijenga madhabahu kwa mawe 12. Mfalme Hezekia wa Yuda alituma mwaliko wa Pasaka hadi kaskazini. Wengi wakawacheka matarishi, ila baadhi ya watu wa Asheri, Manase na Zabuloni wakanyenyekea wakaja Yerusalemu. Hekalu la pili lilipozinduliwa, karibu mwaka 515 KK, waliokuwapo walikuwa hasa Yuda, Benyamini na Walawi, na bado walitoa mbuzi dume 12 kwa hesabu ya makabila ya Israeli. Waliwatolea sadaka ya dhambi hata ndugu waliokuwa hawajui waliko. Na mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, mmoja wa waliompokea alikuwa nabii mke Ana binti Fanueli, na Luka anajali kutuambia kwamba ni wa kabila la Asheri.

Kwa hiyo Yesu alipopanda mlimani akawateua 12, kila Myahudi aliyesikia alielewa: Israeli nzima inakusanywa upya. Hakuwateua kwa kuchukua mmoja Yuda na mmoja Naftali; walikuwemo ndugu wa tumbo moja, Petro na Andrea, Yakobo na Yohana. Aliwaahidi kwamba wataketi katika viti 12 wakiwahukumu makabila 12. Yuda Iskariote alipoiacha nafasi yake kwa usaliti, kanisa lilimweka Mathiya kabla ya Pentekoste. Yakobo alipouawa na Herode katika Matendo 12, hakuna aliyewekwa badala yake. Nafasi ya msaliti ilikuwa wazi. Nafasi ya aliyekufa katika uaminifu haikuwa wazi.

Na juu ya hao wote yuko Mmoja anayesimama kwa niaba ya wote. Waebrania 7 inasema wazi kwamba Bwana wetu alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulinenea neno lolote la ukuhani. Yote aliyoyabeba Haruni kwa mawe, Kristo ameyabeba kwa mwili wake, na ameingia pasipo kuacha jina la mtu wake nje. Sisi tuliotoka mataifa tumeingizwa kwa huyo. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayetaka Mwili wa Kristo ugawanywe kikabila kwa kutumia Hesabu 1. Mataifa hayakupewa orodha ya makabila 12 ya kugawana vyeo.

Sasa kamati yenu. Someni Matendo 6 kabla ya uchaguzi. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia kwamba katika Kristo hakuna tofauti kwa hiyo nyamazeni. Walikubali kuna shida, wakaliambia kanisa lichague watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani, na mmoja, Nikolao, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Lawama ilitoka upande mmoja, na kanisa lote likaridhia majina yanayofanana na upande uleule. Lakini saba hao hawakuwekwa wawapendelee wajane wa kwao. Waliwekwa ili asisahauliwe mjane yeyote. Vilevile katika Kumbukumbu 1:13 Musa aliwataka watu watoe wenye hekima, wenye akili, wanaojulikana katika makabila yao. Tabia kwanza, na watu wakujue.

Kwa hiyo, mkiona kamati nzima imetoka upande mmoja na kuna watu hawasikiki wala kutembelewa, mama yule asiseme makabila si kitu. Angalieni nani anasahauliwa, mrekebishe. Na ndugu yule, akitaka mtu wa kabila lake awekwe, aulizwe huyo mtu ataleta nini madhabahuni, na kama siku kijana wa kwao akikosa atamtoa au atamficha.

Nimalizie na Dani. Orodha ya Ufunuo 7 inaanza na Yuda, ina Lawi, ina Yusufu na Manase, na haina Dani. Sababu haikuandikwa. Tangu karne ya 2 Irenayo, mwalimu wa kanisa la kale, alifundisha kwamba Mpinga Kristo atatoka Dani, akitegemea Yeremia 8:16. Mimi naona aya hiyo haibebi mzigo huo, kwa kuwa inataja tu sauti ya farasi wa adui inayosikika kutoka Dani, upande wa kaskazini. Wengine wanakumbuka sanamu ambayo watu wa Dani waliisimamisha katika Waamuzi 18, na ndama wa dhahabu wa Yeroboamu, mfalme wa kwanza wa makabila ya kaskazini, aliyewekwa Dani, na hilo lina uzito zaidi, ingawa ndama mwingine aliwekwa Betheli, katika nchi ya Yusufu. Kijana wenu asihukumu kabila zima kwa orodha moja. Afungue Ezekieli 48: katika ugawaji mpya wa nchi fungu la kwanza kabisa ni la Dani, na katika aya ya 32 mji una lango lake, upande wa mashariki, pamoja na lango la Yusufu na lango la Benyamini.